Simu ya Pili

Aliletwa wodini jioni, kijana mrefu wa miaka 19, mfupa wa muundi umevunjika, mguu umefungwa hogo, yaani plasta ngumu ya kushikilia mfupa, kutoka pajani hadi karibu na vidole. Nilipopokea zamu ya usiku niliambiwa ametulia, ameshachomwa sindano ya maumivu, na asubuhi ataonwa na daktari bingwa wa mifupa. Hakuwa ametulia. Nilimkuta ameuma shuka, jasho linamtiririka, mama yake amemshika mkono.

Mfupa uliovunjika ukishafungwa vizuri, maumivu hupungua. Ya huyu yalikuwa yanapanda, na ile sindano ya mofini haikumsaidia kitu. Nilishika vidole vya mguu wake: vimevimba, na vimepoa kuliko vya mguu wa pili. Nikabonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka ukawa mweupe, nikauachia. Damu inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili. Hii ilirudi kwa kujivuta. Kisha nikakishika kidole chenyewe, nikakishusha chini taratibu, kidogo tu. Kijana alipiga ukelele ulioamsha wodi nzima.

“Sista, kulikoni?” mama akauliza.

Muuguzi wa wodi ya mifupa akisikia ukelele ule hapaswi kurudi mezani kukaa. Misuli ya mguu imegawanyika katika vyumba, na kila chumba kimezungushiwa utando mgumu usiotanuka. Damu ikivujia humo na uvimbe ukiongezeka, huku hogo limebana kwa nje, shinikizo hupanda hadi vijishipa vidogo vinavyolisha misuli na neva vinazibwa. Misuli iliyokosa damu huanza kufa ndani ya saa chache. Zikifika sita hadi nane, madhara mengi hayatibiki tena.

Nilimpigia daktari wa zamu. Nikamweleza nilichokiona, kimoja baada ya kingine.

“Mapigo ya mguuni yapo?” akauliza.

“Yapo, Daktari, ila ni hafifu.”

“Basi damu inapita. Mwongezee dawa ya maumivu, nyanyua mguu juu ya mito, nitamwona asubuhi.”

Mpaka leo swali lile la mapigo linanitia wasiwasi nikilisikia likiulizwa peke yake. Shinikizo linaloua msuli halihitaji kuwa kubwa kiasi cha kuziba mshipa mkubwa wa damu, kwa hiyo mapigo huweza kuendelea kuwepo wakati ndani msuli unakufa. Na mguu wenye hali hiyo ukiunyanyua juu ya usawa wa moyo, unaupunguzia hata ile damu kidogo inayoufikia. Nilimrudia agizo lake neno kwa neno, kama inavyotakiwa kwa agizo la simu, kisha nikamwambia kwamba kuhusu kunyanyua mguu nina shaka, na kwamba naomba aje amwone sasa. Akasema amenisikia, akakata simu.

Hapo ndipo wengi wetu huishia. Daktari ameelezwa, daktari ameagiza, muuguzi ametimiza. Chuoni nilikuwa na mwalimu wa maadili na sheria za uuguzi ambaye hakutaka kabisa tuamini hivyo, na alitufundisha kwa kesi ya Darling, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo la Illinois, Marekani, mwaka 1965. Darling, kijana wa miaka 18, alivunjika mguu mchezoni mwezi Novemba 1960, akafungwa hogo. Vidole vikavimba, vikawa vyeusi, vikapoa, vikafa ganzi. Daktari alikuwa anakuja, anapunguza hogo kidogo kidogo. Mwisho mguu ulikatwa chini ya goti. Mahakama ilikubali kwamba baraza la wazee wa mahakama lilikuwa na haki ya kuona kuwa wauguzi hawakupima mzunguko wa damu mara nyingi kadiri ilivyohitajika. Ikaongeza jambo ambalo mwalimu alituandikisha na kutupigisha mstari: muuguzi akiona hatari amjulishe daktari, na daktari asipochukua hatua, aujulishe uongozi wa hospitali ili hatua ichukuliwe.

Kesi ile haiifungi kila nchi, na mwalimu alitueleza hivyo. Lakini hoja yake inakubaliana na kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo: wajibu wa kwanza wa muuguzi ni kwa mtu anayehitaji huduma yake. Daktari ni mwenzetu, tena tunamtegemea. Ila wajibu ule hauishi kwa sababu yeye amejibu simu.

Mama naye alikuwa ameona msumeno wa kukatia hogo kabatini. “Likate tu, mwanangu. Nakuomba. Mimi nitasema nimekuruhusu.”

Nilitamani. Lakini sikuwa nimefunzwa kutumia msumeno ule, na leseni yangu haikunipa ruhusa ya kufungua hogo bila agizo. Ruhusa ya mama, hata ingetoka moyoni namna gani, isingenipa ujuzi nisiokuwa nao. Nikamwambia, “Mama, siwezi kulikata, lakini siondoki hapa kwenye simu mpaka apatikane wa kulikata.”

Nilimpigia msimamizi wa usiku. Alikuja mwenyewe, akashika vidole, akashusha kidole gumba kama nilivyofanya. Akanitazama. “Unajua tukimpigia bingwa tutakuwa tumemruka daktari wa zamu?” Nikasema najua, na kwamba nitamjulisha daktari wa zamu kuwa tunampigia, asilisikie kwa mtu mwingine. Ndivyo tulivyofanya. Bingwa alinisikiliza bila kunikatiza, akasema mguu ulazwe usawa wa moyo, hogo lipasuliwe mara moja pamoja na pamba yote mpaka ngozi ionekane, na chumba cha upasuaji kiandaliwe. Daktari wa zamu aliingia wodini kabla ya bingwa, na ndiye aliyelipasua.

Maumivu hayakushuka vya kutosha. Ilibidi utando uchanwe.

Mama alinyoosha mkono achukue fomu ya ridhaa asaini. Bingwa akamwomba radhi, akamgeukia kijana: ni mtu mzima, ana akili zake timamu, mwili ni wake. Akamweleza kwa maneno mepesi, na kwa kuwa alikuwa amepewa mofini, dawa inayoweza kulewesha, akamtaka aeleze mwenyewe anakwenda kufanyiwa nini. Kijana akasema, “Mnafungua mguu upumue, nisipofunguliwa nitaupoteza.” Akasaini. Nami nikasaini kama shahidi wa hayo niliyoyaona.

Mguu ulipona. Kovu ni refu, lakini anautembelea.

Siku chache baadaye niliitwa kikaoni. Daktari wa zamu alikuwa amelalamika kwamba amedharauliwa. Metroni alifungua faili akasoma maandishi yangu kwa sauti. Saa, joto la vidole, muda wa damu kurudi ukuchani, maumivu yalivyokuwa kidole kiliposhushwa, dawa na kiasi chake. Halafu: “Daktari wa zamu amejulishwa kwa simu, ameagiza dawa na kunyanyua mguu. Muuguzi ameeleza shaka yake na kuomba mgonjwa aonwe. Msimamizi wa usiku amejulishwa.” Sikuwa nimeandika kwamba alikataa kuja, wala kwamba alizembea. Uzembe ni hukumu, na si kazi yangu kumhukumu mtu ndani ya faili la mgonjwa. Kazi yangu ni kuandika kilichotokea, pale pale kinapotokea, ili hata asiyekuwepo aweze kukifuata.

Daktari alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba akisoma hivi, na yeye angepiga simu ya pili. Kikao kikaamua pembeni ya simu ya kila wodi ibandikwe karatasi yenye majina ya wa kupigiwa kwa mfuatano, na idhini ya muuguzi kupanda ngazi bila kuomba ruhusa ya aliye chini.

Tuliendelea kufanya kazi pamoja kwa muda mrefu. Nikimpigia usiku kuhusu hogo, swali lake la kwanza lilikuwa, “Ukimshusha kidole gumba, anasemaje?”