Kibofu Kimejaa, Moyo Haujapimwa

Sijui nani aliyeeneza habari kwamba kila altrasaundi lazima unywe maji mpaka tumbo lifure. Jirani yangu aliniambia kwa uhakika wa mtu aliyesomea: usile tangu jana, kunywa lita mbili, msalani usiende. Nikaenda kupima eko, yaani altrasaundi ya moyo, njaa inauma na miguu nimebana kama mtoto. Mpimaji akanitazama: "Kaka, maji ya nini? Mimi natafuta moyo, si kibofu."

Kumbe kujaza kibofu ni kwa vipimo vya nyonga, yaani viungo vya chini ya kitovu. Kukaa na njaa ni kwa vya tumbo, au ile eko ya kumeza mpira wa kupimia. Hii ya kifuani unakula kama kawaida. Nikakimbia msalani, niliporudi zamu imeshapita.

Hatimaye nikalazwa ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa, nikapakwa jeli. Kwenye skrini ukungu mtupu. Nami, kwa ujuaji wangu, nilikuwa navuta pumzi kwa nguvu kama kwenye eksirei, nikidhani namsaidia. Kumbe pafu likijaa hewa linaufunika moyo, na mawimbi ya sauti hayapenyi hewa. "Toa pumzi yote, halafu tulia hapo hapo." Ukungu ukaondoka! Nikaiona vali yangu, kile kimlango cha moyo, inapepea, inafunguka na kufunga kama kitambaa kwenye kamba. Tangu hapo nikawa bingwa, kabla hajasema nimeshatoa. Alipowasha doppla, ile ya kupima mwendo wa damu, chumba kikajaa shwaa-shwaa; nikadhani mashine imekorofisha, kumbe ni damu yangu inapita.

Kisha ikaja zamu ya mishipa ya damu ya shingoni na miguuni. Shingo ilikuwa rahisi, ila usivae shati la kola ngumu. Miguuni ndipo nilijuta kuvaa suruali ya kubana, maana anabonyeza kuanzia kwenye kinena kushuka chini. Vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, ikiwa salama inalala bapa ikibonyezwa. Yenye damu iliyoganda inagoma.

Majibu nikayafungua mwenyewe, kosa jingine. Moyo unasukuma asilimia 60 ya damu iliyomo! Nikaanza kuzililia zile 40 zilizopotea. Daktari akacheka: hakuna moyo unaotoa damu yote kwa pigo moja, 55 hadi 70 ni kawaida.

Jioni jirani akapiga simu kuuliza kama maji yalisaidia. Nikamwambia yamemsaidia sana yule aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni.