Siku yangu saiti: granaiti ya Dodoma, nyundo na kompyuta

Saa 12 asubuhi. Nafika saiti, nje kidogo ya mji, kabla upepo wa Dodoma haujaanza kurusha vumbi. Mzee, fundi mwashi wetu, keshafika.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa!" ananisalimu kwa Kigogo.

Tunajenga chumba cha kusomea chenye mlango wa tao la mawe. Ndani ya tao hakuna hata nondo moja. Mimi ni msanifu majengo, na inaniuma kuona mji uliozungukwa na vilima vya granaiti ukiitumia kwa msingi na kokoto tu, halafu ukuta wote unabebwa na tofali za saruji.

Saa 1. Tunapiga picha mawe yaliyoletwa na tipa. Kila jiwe lina namba ya rangi. Saidia fundi analizunguka na simu, picha zikipishana kidogo kidogo, kisha programu inaziunganisha kuwa umbo kamili kwenye kompyuta. Hapo naweza kutafuta kila jiwe likae wapi ili lichongwe kidogo iwezekanavyo. Granaiti ni ngumu. Kila pigo la tindo ni jasho la mtu.

Saa 3. Hii ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote. Mzee anapita jiwe kwa jiwe na nyundo ndogo. Anagonga, anainamisha kichwa, anasikiliza. Jiwe zima hulia kama kengele. Namba 14, ambalo kompyuta ililipangia nafasi ya juu kabisa katikati ya tao, likatoa mlio mfu.

"Hili limeungua, mwanangu. Weka kwenye msingi."

Wapasuaji wengi wa mawe huwasha moto juu ya mwamba mpaka upasuke, ndipo nyundo zifuate. Moto huo huacha nyufa ambazo picha haizioni. Kwa hiyo kwenye orodha yangu nimeongeza safu ya "mlio", na jiwe ambalo mzee hajaligonga halipangiwi nafasi. Wanaosema teknolojia itawaondoa mafundi hawajawahi kumwona fundi wa aina hii akiwa kazini.

Saa 7. Ugali wa uwele na mlenda kwa mama ntilie. Jua kali, tunajibanza kivulini.

Saa 8. Umbo la tao. Mwaka 1675 mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke aliandika, kwa fumbo, kwamba mnyororo unaoning'inia, ukigeuzwa juu chini, unatoa umbo la tao linalosimama imara. Mnyororo huvutwa tu. Tao hubanwa tu, na jiwe linapenda kubanwa. Tunaning'iniza mnyororo ukutani, tunauchora kwa chaki, tunaulinganisha na mchoro wangu. Vinakubaliana. Mwaka 2016 huko Venice lilioneshwa paa la vipande 399 vya mawe ya chokaa, bila saruji wala gundi, kwa hesabu za namna hii zilizofanywa na kompyuta. Kwetu ni mlango tu, lakini kanuni ni hiyohiyo.

Dodoma hutikisika mara kwa mara, maana iko kwenye Bonde la Ufa. Basi kwenye programu nalilaza tao upande, kidogo kidogo, kuiga tetemeko, nikitazama mstari wa msukumo, yaani njia ambayo mzigo unapita ndani ya mawe. Mstari huo ukitoka nje ya unene wa jiwe, tao linaanguka. Miguu ya tao nimeinenepesha kwa sababu hiyo. Mwenye nyumba alilalamikia gharama, nilikataa kupunguza.

Saa 10. Violezo vya maumbo ya mawe vilivyochapwa mjini kwa ukubwa halisi tunavigandisha kwenye plaiwudi na kuvikata. Mzee anaviweka juu ya jiwe, anachora, tindo zinaanza kulia.

Saa 12 jioni. Namtumia mjukuu wa Mzee orodha ya kesho kwenye simu, naye anamsomea babu yake. Tutaanza kupanga kutoka miguu yote miwili kwa pamoja, maana mzigo ukizidi upande mmoja fomu ya mbao inayoshikilia mawe hadi tao likamilike itasogea. Nafasi ya juu katikati sasa ni ya namba 22, lililolia vizuri.