Jinsi nilivyotuliza ugomvi wa magharibi kwa vitendawili

Shida ilikuwa ile saa moja kati ya magharibi na isha hapa Lamu: watoto wametoka chuoni, yaani madrasa, na njaa, mama yuko jikoni, simu ni moja, ugomvi hauishi. Kukemea kulizidisha kelele.

Dawa ilikuwa vitendawili. Kwanza tumbo: tende tatu kwa kila mtoto na maji, maana mwenye njaa hacheki. Kisha mkeka, na simu ibaki chumbani. "Kitendawili!" "Tega!" Anza na chepesi, "Nyumba yangu haina mlango" (yai), ndipo uje "Kuku wangu katagia mibani" (nanasi). Vitano au sita vyatosha.

Raha yenyewe iko kwenye mji. Walioshindwa huambiwa "Nipeni mji", nao hutoa Siyu, Faza, Malindi, popote. Mtegaji "huenda" huko, akasimulia alichokula na aliyemfukuza, ndipo ataje jibu. Usimkatize hata akisema alivuka bahari hadi Pate juu ya punda. Hapo ndipo nyumba nzima huangua kicheko, bibi naye.

Mchezo huharibika mkubwa akidaka kila jibu, mdogo akanuna. Basi mpe mdogo nafasi peke yake hadi uhesabu kumi. Kibaya zaidi ni mzazi kugeuza mji kuwa mawaidha ya uvivu: vicheko hufa papo hapo.

Adhana ya isha ikilia, acheni, hata kama kitendawili hakijateguliwa. Hicho ndicho kitakachowarudisha mkekani kesho.