Mnyonge mnyongeni, na safari ya Busisi

Jumapili usiku, nimerudi Mwanza, usingizi hauji kwahiyo naandika tu yaliyopo kichwani kabla hayajapotea.

Leo ndo mara yangu ya kwanza kupita daraja jipya la Kigongo-Busisi, lile lililopewa jina la JPM, yani rais John Pombe Magufuli, lilifunguliwa Juni 19 mwaka huu wa 2025. Wanaoijua njia ya Sengerema na Geita wanaijua pantoni. Unafika Kigongo unakuta foleni ya malori na mabasi, unashuka, unakaa juani, kina mama wanakuja na mabeseni ya samaki wa kukaanga na mayai ya kuchemsha, mtoto wa jirani yako analia, dereva kazima gari kalaza kiti kalala. Masaa mawili yanakatika hivihivi, na ukiwa na mgonjwa usiku ndo utajua ziwa ni nini. Leo tumevuka kwa dakika nne, nimeangalia saa ya simu kabisa. Kilomita 3 juu ya maji, zege tupu, nyaya zimekuwa za njano kwa jua la asubuhi, zimevutwa toka kwenye nguzo, chini huku mtumbwi mmoja unaonekana kama ganda la karanga.

Kaka ndo alikuwa anaendesha. Kaka yangu ni mwalimu wa sekondari, anafundisha uraia, na kama kuna mtu hampendi Magufuli kwa hoja na sio kwa kelele ni yeye. Alivuka kimya, mikono miwili kwenye usukani kama anafanya mtihani wa leseni, tulivyogusa upande wa Busisi akasema, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Daraja zuri." Nikacheka mwenyewe maana mtu aliyejiita rais wa wanyonge kupewa methali hiyo ni kitu cha pekee, yeye hakuona kinachochekesha.

Sengerema kwa mama ni habari nyingine. Kwanza Sengerema yenyewe ina ukaribu nae, alifundisha pale Sengerema Sekondari mwanzoni mwa miaka ya 80, kemia na hesabu, kuna wazee mtaani wanasema wamechapwa na rais na wanasema kwa kujisifu. Sebuleni kwa mama kuna kalenda ya 2021, ya karatasi moja, picha yake juu, miezi chini. Imepauka, kona moja imejikunja, kuna alama ya moshi pembeni. Hakuna anayeangalia tarehe pale miaka minne sasa. Mama akipita anaifuta vumbi na ncha ya kanga bila hata kusimama, kama mtu anavyojifuta jasho.

Sasa ugali umeiva, sato mezani, kaka akaanza. Nilijua ataanza. Akauliza hivi mama hii kalenda utaitoa lini. Mama hakuinua hata uso, akasema, "Ninyi mlisomea ng'ombe wa baba yenu. Huyu wa mwisho kasomeshwa na Magufuli."

Na ni kweli. Baba aliuza ng'ombe kwa ajili ya kaka, akauza tena kwa ajili yangu, ada ya kutwa yenyewe ilikuwa elfu 20 tu kwa mwaka lakini michango bana, mlinzi, dawati, mtihani, jengo, kila wiki unarudishwa nyumbani na kikaratasi. Mdogo wetu akaingia kidato cha kwanza Januari 2016, mwezi uleule ambao ada ilifutwa mpaka kidato cha nne. Mama hajasoma takwimu yoyote, anajua tu kwamba mwaka ule hakuna ng'ombe aliyetoka zizini.

Kaka akasema sawa mama, na wale mabinti je? Juni 2017 alisimama hadharani akasema mwanafunzi akipata mimba ndo basi, hatarudi shule kipindi chake chote cha urais. Na hakurudi mtu. Ruhusa ilikuja kutoka Novemba 2021, yeye keshazikwa. Mama akanyamaza, akachambua mwiba wa samaki taratibu, akasema hilo hapana, hilo alikosea. Halafu kabla kaka hajameza tonge akaongeza "lakini", na hiyo lakini ikaendelea mpaka chai ya saa kumi.

Mi nilikaa kimya muda mwingi, na kukaa kwangu kimya ndo kunaninyima usingizi. Maana wao wanagombana kwa orodha. Huyu anasema reli ya SGR, bwawa la umeme la Rufiji megawati 2,115, ndege, serikali kuhamia Dodoma kweli baada ya kuimbwa toka enzi za Nyerere, watumishi hewa, makinikia, ule mchanga wa dhahabu, mpaka kampuni ya Barrick wakakubali kuipa serikali hisa asilimia 16 kwenye kampuni ya Twiga. Huyu anasema Lissu, mbunge wa upinzani, kapigwa risasi mchana Dodoma Septemba 2017 na mpaka leo hakuna aliyefikishwa mahakamani, Ben Saanane wa Chadema kapotea Novemba 2016, mwandishi Azory Gwanda kachukuliwa Kibiti Novemba 2017, Akwilina yule mwanafunzi wa chuo cha usafirishaji NIT kapigwa risasi amekaa tu kwenye daladala Februari 2018, mikutano ya siasa marufuku, uchaguzi wa 2020 asilimia 84 na bunge karibu lote la chama kimoja. Wanapanga mawe huku na huku kama wanacheza bao. Utadhani kulikuwa na Magufuli wawili, mmoja wa mchana mmoja wa usiku, na kazi yetu ni kuhesabu nani kafunga mengi.

Mi nakumbuka Magufuli mmoja tu. Na namkumbuka nikiwa nampigia makofi.

2015 nilikuwa Dar, nimepanga chumba Mabibo. Wiki ile ya kwanza baada ya kuapishwa Novemba 5 akaibuka Muhimbili bila taarifa, kakuta wagonjwa wamelala chini, mashine mbovu, akavunja bodi na kumuondoa kaimu mkurugenzi hapohapo. Hela zilizochangwa kwa ajili ya hafla ya wabunge zikaenda kununua vitanda. Sherehe za Uhuru Desemba 9 zikafutwa, tukaambiwa tushike fagio, na nilishika, mtaa mzima tulishika, mpaka mwenye nyumba wetu ambae hajawahi kuzibua mtaro wake toka nimemjua. Klipu zilikuwa zinaingia WhatsApp kila saa, mtumishi kasimamishwa mbele ya watu, jasho linamtoka, anajibu "ndio mheshimiwa" sauti imekauka, na sisi huku tunacheka mpaka machozi. Kutumbua majipu. Tulikuwa tunatumiana klipu kama magoli ya mpira.

Aprili 2016 nilienda kwenye ufunguzi wa daraja la Kigamboni, nilikuwa mbali kule nyuma, namuona kama kidole. Palepale jukwaani akamsimamisha kazi mkurugenzi wa jiji. Umati ukalipuka. Mi nilipiga mluzi. Nakumbuka kabisa vidole viwili mdomoni, na dada mmoja aliyebeba mtoto mgongoni pembeni yangu anaruka ruka mpaka mtoto kofia ikadondoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza yule bwana kajibu nini. Hatukutaka ajibu, yani utamu wenyewe ulikuwa ni kwamba hajajibu.

Sasa hapo ndo mi nakwama kila nikitaka kujiunga na upande wa mama au wa kaka. Kilichonifurahisha 2016 ndo hichohicho kilichokuja kunitisha 2017, sio kitu kingine. Mtu mmoja anaamua, sasa hivi, hapahapa, hakuna kamati hakuna rufaa. Mkono uliofungua geti la shule kwa mdogo wangu ndo uliowafungia wale mabinti, na uliwafungia kwa staili ileile ya jukwaani, kwa sauti ileile, na kuna watu walipiga makofi vilevile. Aliyemjibu mkandarasi mzembe bila kupepesa ndo aliyeona gazeti linalomkosoa ni beberu. Kaka anataka amchambue kama samaki atoe miiba abaki na nyama, mama anataka ameze na miiba yake, na mi nasema miiba ndo ilikuwa inashikilia nyama. Sijui kama naeleweka.

Na woga ulikuja polepole, hilo watu wanasahau. Ulianza kwa utani, vyuma vimekaza, yani hela hakuna, kila mtu anasema vyuma vimekaza na anacheka. Halafu watu wakaanza kushusha sauti kwenye daladala. Halafu likaja neno wasiojulikana, la kuwaita wanaoteka na kupiga watu, neno la ajabu kweli, limetengenezwa kisarufi kabisa ili asiwepo mtendaji. Machi 2018 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, kuwa na blogu tu ulitakiwa leseni, gharama ilipita milioni 2, wengi wakazima. Mi nilikuwa na daftari la kurasa 200, nikarudi kwenye daftari.

Corona ndo sitaki kuandika sana. Mwaka 2020 takwimu za mwisho, wagonjwa 509 vifo 21, halafu kimya. Papai likapimwa likakutwa na corona, mbuzi pia, nchi nzima tukacheka tena, tulikuwa tunapenda kucheka sisi. Nilijifukiza, tena kwa imani, mkaratusi na malimao na tangawizi, blanketi kichwani, natoka nimeiva kama kiazi. Februari 2021 ndo kicheko kilikata. Siku moja, tarehe 17, Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kafariki na Katibu Mkuu Kiongozi Kijazi kafariki. Misibani watu wanasema "changamoto ya upumuaji" na wanatazamana. Na yeye mwenyewe baada ya Februari 27 hakuonekana tena, uvumi ukawa mwingi, watu wakakamatwa kwa uvumi, mpaka ile usiku ya Machi 17 mama Samia, makamu wake, akatokea kwenye TBC, anasema ni moyo, amefia hospitali ya Mzena.

Nitasema ukweli hapa maana ni shajara yangu. Nililia. Na katikati ya kulia nikahisi kifua kimelegea kidogo, kama mtu kaniondolea goti. Vyote viwili, dakika ileile, na sijawahi kumwambia mama hicho cha pili wala kaka hicho cha kwanza.

Mama anasimulia mwili ulivyopita Sengerema kwenda Chato. Walikaa barabarani toka alfajiri, maji hakuna, jua kali. Gari likapita kwa sekunde tu. Dar watu walitandika kanga barabarani, na siku ya kuaga pale uwanja wa Uhuru walikanyagana wakafa 45, polisi ndo walitangaza idadi hiyo, na bado kesho yake watu walijaa mikoani. Kaka akauliza leo, kwa upole safari hii, mama ulikuwa unamlilia nini hasa, maana nyumba hii barabara ya lami haijafika mpaka leo. Mama akafikiri. Akasema, "Alikuwa anawagombeza wanaotugombeza."

Kaka hakujibu. Chai ikapoa.

Njiani kurudi ndo akaniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia. Mwaka ule wa 2016, darasani, kidato cha pili, anafundisha mihimili mitatu ya dola, bunge serikali mahakama, mtoto mmoja wa mbele akanyoosha mkono. Mwalimu, kama rais anaweza kumuondoa mtu mbaya kwa dakika moja, mahakama inachelewesha nini? Darasa likacheka. Kaka anasema alikuwa na chaki mkononi, akajibu kitu fulani cha kitabuni, mtoto akaandika kwenye daftari, kengele ikalia. "Lile jibu sikuliamini hata mimi," akasema, "maana asubuhi ileile nilikuwa nimetuma klipu ya mtu anatumbuliwa kwenye grupu la walimu."

Kumbe na yeye. Miaka yote hii nilidhani mwenzangu alikuwa macho toka siku ya kwanza.

Tukafika Busisi jua linazama. Kabla ya daraja kuna mama alikuwa anauza mahindi ya kuchoma, nikashuka kununua mawili, nikamuuliza biashara vipi, akasema wakati wa pantoni alikuwa anauza beseni zima la samaki kabla ya saa sita mchana, sasa magari hayasimami. Akasema na daraja zuri lakini. Na yeye ana lakini yake.

Tulipoanza kupanda juu ya maji kaka akapunguza mwendo, akashusha kioo, upepo wa ziwa ukaingia wote, akanipa simu yake akasema hebu rekodi. Nikarekodi nyaya zinapita moja moja, maji yamekuwa mekundu, pantoni ya zamani imeegeshwa kule pembeni. Tulivyofika Usagara akasimamisha gari akaiweka kwenye stetasi yake. Dakika kumi haikupita mama akapiga, sijui nani kamuonyesha, labda mdogo wetu.

"Nimeona umeweka daraja. Umeandika nini hapo chini, sijavaa miwani."

"Sijaandika kitu mama."

"Haya. Mfike salama."