Siku moja kambini, mita 4,600: kazi ya mhudumu wa afya wa wapanda mlima

Saa 11 alfajiri. Vidole kwanza, chai baadaye. Kila mtu anakaa dakika 5 bila kusogea, mikono ikiwa kwapani ipate joto, rangi ya kucha imeshafutwa, ndipo kipimo cha oksijeni kinabanwa kidoleni. Kidole cha baridi kina mishipa iliyojikunyata, kipimo hakipati mapigo vizuri, na namba inadanganya. Tunasubiri itulie, ile ya kwanza kuonekana hatuiandiki.

Oksijeni ya asilimia 80 hadi 88 kwenye damu ni kawaida kwa mwinuko huu. Oksijeni hewani ni asilimia 21 ileile ya ufukweni. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa, umebaki takribani asilimia 57 ya ule wa usawa wa bahari, hivyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo.

Saa 12:30. Maswali manne ya alama za Lake Louise, kipimo cha dalili za ugonjwa wa mwinuko: kichwa, tumbo, uchovu, kizunguzungu. Kila moja hupewa 0 hadi 3. Kichwa kikiuma na jumla ikafika 3, tunauhesabu kuwa ugonjwa wa mwinuko. Wapagazi tunawauliza kando, mmoja mmoja, maana anayeogopa kupoteza siku ya kazi atasema yuko poa mbele ya wenzake, na mapafu yake ni kama ya mtu mwingine yeyote.

Leo mmoja ana oksijeni 79, lakini anakula vizuri na kichwa hakimuumi. Mwingine ana 84, kichwa kinamgonga, amekataa uji. Jumla yake 5. Wa kwanza anaendelea na ratiba, akiangaliwa kwa karibu. Wa pili habanduki kambini. Kipimo cha kidoleni kinasaidia, ila anayeamua kwa namba peke yake atakosea siku moja, na kosa hilo ni kubwa.

Saa 3 asubuhi. Waliobaki wanapanda hadi mita 4,900, kisha watarudi kulala hapahapa. Juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku 3 au 4 iwepo siku ya kutopanda. Kuhema haraka njiani si udhaifu, ni mwili unajirekebisha. Kuhema huko hutoa hewa ukaa nyingi, damu inapoteza asidi, na figo hulipa deni hilo kwa kumwaga bikaboneti, chumvi inayopunguza asidi, kwenye mkojo. Ndiyo maana watu wanakojoa mara nyingi. Wanaotumia asetazolamidi, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, miligramu 125 asubuhi na jioni, wanakojoa zaidi na vidole vinawachomachoma. Tunawaambia mapema wasishtuke.

Saa 8 mchana. Yule wa alama 5 anaombwa kutembea kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua 10. Anapepesuka hatua ya tatu. Ubongo umeanza kuvimba. Deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe huo, miligramu 8 sasa hivi, kisha 4 kila saa 6, oksijeni usoni, na machela inaandaliwa dawa ikiwa bado inamezwa. Hapa ndipo watu hufa: dawa inamchangamsha mgonjwa, kiongozi anaona heri wasubiri asubuhi. Anashuka mita 1,000 leo, kabla giza halijaingia.

Angekuwa na maji kwenye mapafu, dalili ingekuwa kuhema akiwa amekaa tu, pamoja na kikohozi. Huyo hubebwa pia, kwa sababu kutembea kunapandisha shinikizo kwenye mishipa ya mapafu. Nifedipini ya kuyeyuka taratibu, dawa ya kulegeza mishipa hiyo, miligramu 30 kila saa 12, inasaidia pale oksijeni ya mtungi inapokosekana.

Saa 4 usiku. Mzunguko wa mahema, kusikiliza. Wengi wanavuta pumzi kubwa tatu nne, wananyamaza sekunde 10, kisha wanashtuka kwa pumzi nzito. Hewa ukaa imepungua damuni, ubongo unasahau kuamuru pumzi mpaka oksijeni ishuke. Hiyo inatisha kuisikia lakini ni kawaida. Dawa za usingizi haziruhusiwi. Sauti tunayoitafuta ni nyingine: mkoromo wa maji kifuani, au kikohozi kisichokoma kwa mtu aliyelala chali.

Redio inaita saa 4:40. Mgonjwa amefika chini, anatembea mstari akiyumba kidogo tu. Deksamethasoni nyingine anameza saa 8 usiku.