Volti 2.1: siku nilipoipima hedifoni yangu ya plana kwa multimeta

Nina HiFiMAN HE-6, hedifoni ya plana iliyotoka 2010, niliichukua ikiwa used na pedi zake za masikio za zamani na kebo nene ngumu, na kwa karibu miaka mitatu niliyokaa nayo kila anayejua hizi mambo akiiona ananiuliza swali moja tu: unaisukuma na ampu (amplifaya) gani? Hawaulizi inaliaje, hawaulizi inakaaje kichwani, ni ampu tu. Na mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo, miaka miwili nzima kila nikisikia besi imelegea au sauti imekuwa nyembamba naishtaki amplifaya, haina nguvu, inabidi nitafute kubwa zaidi. Leo naandika kwa sababu hatimaye nilifanya kitu ambacho ningekifanya siku ya kwanza ningejiokolea mengi, nilichukua multimeta, kile kifaa cha kupimia umeme, nikapima.

Kwanza niseme plana ni nini maana bila hapo namba hazitaeleweka. Hedifoni ya kawaida, dainamiki, ina koili ndogo ya waya iliyogundishwa nyuma ya koni, koili inakaa ndani ya mwanya mwembamba wa sumaku, umeme ukipita koili inasogea na koni inaifuata. Plana haina koni. Ina kiwambo chembamba sana cha plastiki kimewambwa kwenye fremu kama ngozi ya ngoma, na waya wenyewe umelazwa juu ya hicho kiwambo ukienda na kurudi kama mfereji kwenye bustani, afu kuna safu za sumaku, kwenye HE-6 ziko pande zote mbili. Kwa hiyo kinachosukumwa ni uso mzima sio katikati tu, na ndo maana besi ya plana ikiwa vizuri inashuka chini kabisa bila kufifia na bila kukwaruza, unasikia ngozi ya ngoma yenyewe inavyotikisika na sio "bum" tu. Sio kitu kipya hata kidogo, Yamaha walitoa HP-1 mwaka 1976 wakaiita orthodynamic, afu mambo yakapoa kwa miaka mingi, kampuni ya Fostex ikiendelea kimya kimya na zile hedifoni zake za RP, mpaka kina Audeze na HiFiMAN walipoirudisha kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 2000.

Ubaya wake ni kwamba waya uliotandazwa hivyo haubanwi na sumaku kwa karibu kama koili iliyo ndani ya mwanya, kwa hiyo kwa umeme ule ule unapata msukumo mdogo. Hapo ndo hadithi ya ampu inapoanzia.

Watu wengi wakitaka kujua hedifoni ni ngumu kusukuma wanaangalia omu, kipimo cha ukinzani wake. Omu kubwa ngumu, omu ndogo rahisi. Kwa plana hiyo itakupoteza kabisa. Audeze LCD-X ina omu 20, HE-6 ina omu 50, ukiangalia hapo tu utasema zinakaribiana. Sasa angalia sensitiviti, yaani sauti unayopata kwa nguvu ile ile: LCD-X inatoa desibeli 103 kwa miliwati 1, HE-6 inatoa 83.5. Tofauti ni desibeli 19.5, na kila desibeli 10 ni nguvu mara kumi, kwa hiyo HE-6 inataka nguvu karibu mara tisini kufikia sauti ile ile. Mara tisini! Ukitaka kilele cha desibeli 110, LCD-X inakula miliwati 5, yaani volti 0.3 hivi, hata simu inaiweza. HE-6 inataka miliwati karibu 450, volti 4.7. Halafu zote mbili zinaitwa plana na mtu anakwambia "plana lazima ampu kubwa". Si kweli, inategemea ipi.

Nilipoanza nilikuwa natumia kiadapta kidogo cha USB cha kuchomeka kwenye simu, vile vinatoa karibu volti 1 vikifunguliwa mpaka mwisho. Volti 1 kwenye omu 50 ni miliwati 20, kwa hiyo kilele ni desibeli 96 na kitu. Inalia, hilo niseme wazi, haikuwa kimya, muziki wa kisasa uliorekodiwa kwa sauti kubwa ulikuwa unasikika vizuri tu, lakini rekodi za okestra ambazo mwanzo ni mnong'ono nilikuwa nimefika mwisho wa volyumu na bado nakaza masikio. Nikachukua ampu ya mezani, ndogo, yenye wati 1 kwenye omu 32. Hapa napo pana mtego wa hesabu. Wati 1 kwenye omu 32 ni volti 5.66, na ukiihamishia kwenye omu 50 volti ni zile zile kwa hiyo wati zinashuka, unabaki na miliwati 640. Wengi wanasoma ile wati 1 kwenye karatasi wanadhani ndo wataipata kwenye hedifoni yao.

Mwaka mmoja ukapita, nikaanza kusikia besi imepungua. Sauti imekuwa kavu, ngoma haina kifua, na trebo, zile sauti za juu, inachoma. Nikasema ni ampu hii ndogo, imeelemewa. HE-6 ina sifa yake, watu wamekuwa wakiichomeka kwenye ampu za spika tangu ilipotoka, basi na mimi nikatafuta ampu ya spika, wati 20 kwenye omu 8. Hiyo ni volti 12.65, kwenye omu 50 ni wati 3.2.

Kabla sijaendelea, hapa tafadhali kama unataka kujaribu hii kitu soma taratibu. Ampu nyingi za spika za siku hizi, hasa zile ndogo za class D, ziko bridged, maana yake ile hasi ya kushoto na hasi ya kulia sio ardhi, zote mbili zina umeme wake. Ukitumia kebo ya kawaida ya hedifoni yenye plagi ya pini tatu unaziunganisha hizo hasi mbili pamoja na unaweza kuiua ampu papo hapo. Ilibidi nitumie kebo ya balansi ambayo kila sikio lina waya zake mbili peke yake. Na kabla ya kuchomeka chochote niliweka multimeta kwenye kile kipimo kinacholia tiiii, nikagusa hasi na hasi ampu ikiwa imezimwa. Haikulia, maana yake hazijaungana, nikajua kebo ya pini tatu isiisogelee kabisa. Na volyumu inaanzia sifuri, siku zote, kwa sababu ampu ya spika ina uwezo wa kuunguza kiwambo, haijui kama umeweka spika au kitu kilicho milimita chache kutoka kwenye sikio lako.

Nikachomeka, nikasikiliza, nikafurahi sana. Besi imerudi! Sauti imefunguka! Nilikaa na furaha hiyo karibu wiki mbili afu nikaanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu nilikumbuka kitu kimoja: sikio la binadamu likipewa sauti kubwa kidogo tu, hata desibeli 1, halisemi "hii ni kubwa", linasema "hii ni nzuri". Na mimi sikuwa nimesawazisha volyumu za ampu mbili hizo hata mara moja.

Basi ndo nikapima. Njia yenyewe ni hii: unaweka muziki unaoujua, unaweka volyumu pale unapopenda, hapo hapo nobu usiiguse tena. Unavua hedifoni unaiweka mezani ikiwa bado imechomekwa (usiwe umeivaa, kinachofuata ni kikubwa), unazima ikwalaiza (ile ya kuongeza au kupunguza besi na trebo), afu unapiga toni ya hezi 60 iliyo kwenye kiwango cha juu kabisa cha dijitali. Hezi 60 kwa sababu multimeta za kawaida zimetengenezwa kupima umeme wa nyumbani, ukipanda kwenye hezi 1000 nyingi zinaanza kudanganya. Unapima volti za AC kwenye waya za sikio moja. Namba utakayopata ndo kilele ambacho muziki wako hauwezi kukipita hapo ulipoweka nobu.

Yangu ilisoma volti 2.1.

Nilirudia mara tatu. Volti 2.1 kwenye omu 50 ni miliwati 88, desibeli 103. Ile ampu ndogo niliyokuwa naishtaki ina volti 5.66, kwa hiyo haikuwa imefika hata nusu ya uwezo wake wa volti. Haikuelemewa. Nikasawazisha zote mbili kwa multimeta zitoe 2.1 sawa sawa, nikamuomba mdogo wangu awe ananibadilishia bila kuniambia ipi ni ipi, nikabahatisha kama mtu anayerusha shilingi. Kwa plana hii inaingia akilini kabisa, maana omu zake zimenyooka karibu kuanzia besi mpaka trebo. Hedifoni ya dainamiki kama Sennheiser HD 600 omu zake zinapanda mlima kwenye besi, kwa hiyo ampu yenye ukinzani mkubwa wa ndani inaweza kuibadilisha mlio wake. Plana huwezi kuichezea hivyo, ampu yenye afya na ampu nyingine yenye afya zikiwa sauti sawa zinaipa kitu kile kile.

Sasa besi ilienda wapi? Pedi. Zile pedi zilizokuja nayo zilikuwa zimelala, sponji imekwisha, sikio langu lilikuwa limesogelea kiwambo karibu kugusa na upande wa nyuma ya taya kulikuwa na mwanya unaingiza hewa. Plana inashusha besi chini sana kama pedi imeziba vizuri, mwanya ukiwepo besi inatoroka pale pale. Nikaweka pedi mpya, nene zaidi nyuma kuliko mbele, na nakwambia mabadiliko niliyoyasikia ndani ya dakika moja yalizidi ampu zote nilizowahi kuzigusa. Moyo uliniuma kidogo, mwaka mzima nilikuwa nasikiliza hedifoni nzuri kupitia sponji iliyokufa.

Wakati wa kubadilisha pedi kuwa makini, sumaku zile hazina mchezo. Nilikuwa na bisibisi ndogo mkononi ikavutwa ghafla ikagonga wavu, bahati wavu ulikuwepo. Safisha meza kwanza, chembe ya chuma ikiingia kwenye kiwambo utasikia mkwaruzo kila besi ikipiga na kuitoa ni kazi. Na usiibandike kichwani kwa nguvu ukabana hewa ndani, kiwambo cha plana kinaweza kujikunja.

Je, ampu ya spika niliiondoa? Hapana, na hapa ndo naona watu wa pande zote mbili wanakosea, wale wa "nguvu haitoshi kamwe" na wale wa "ampu zote sawa tulia". Siku hizi natumia ikwalaiza, naongeza besi ya chini desibeli 6, plana inalibeba hilo vizuri ajabu bila kukwaruza. Desibeli 6 ni volti mara mbili, nguvu mara nne. Volti 2.1 inakuwa 4.2 kwenye besi, ampu ndogo bado inatosha. Lakini nikiweka okestra, rekodi yenye sehemu za chini kabisa na vilele virefu, nobu inapanda desibeli 8 hivi kutoka pale ninapoweka muziki mwingine, yaani volti 5.3, ongeza ile besi ya ikwalaiza unafika 10.5. Hapo ampu ya volti 5.66 ngoma kubwa ikigonga vilele vyake vinakatwa, na niliwahi kuusikia huo mkato, kama kitambaa kinachanika, nikadhani ni rekodi. Ampu ya spika yenye 12.65 inapita. Hapo ndo nguvu inapolipa, kwenye ile robo sekunde ya kilele, sio kwenye sauti ya kawaida. Na kwa kuwa HE-6 ni ngumu kusukuma, ule mvumo wa ampu ya spika ambao kwenye LCD-X ungekukera, hapa hausikiki.

Kitu kimoja kinachonitia wasiwasi kweli ni masikio. Hedifoni ya bei ya chini ikizidiwa inapasua, mwili wako unakuambia punguza. Plana haipasui, inaendelea kuwa safi tu huku wewe unapandisha. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndo kiwango cha kukaa nacho, na ukiongeza desibeli 3 muda unakatika nusu. Vilele vya 103 ni vya sekunde chache, wastani wangu uko chini sana ya hapo, nilihakikisha, ila nikiwa na okestra naweka saa kwenye simu ilie baada ya dakika 40. Shingo nayo inashukuru, gramu 502 sio mchezo.

Jana usiku niliweka simfoni moja ndefu, ampu kubwa, pedi mpya, nobu ikiwa kwenye alama niliyoichora kwa penseli, na mahali ambapo siku zote nilikuwa nasikia kile kitambaa kinachanika ngoma ikapiga mara mbili, nikasikia ngozi inarudi, hewa ya ukumbi inatulia, na mtu anageuza karatasi ya noti.