Mrejesho wa Utafiti Uwe na Fungu Lake

Tangu wananchi wa Mtwara walipoandamana mwaka 2013 kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, watafiti wengi wa sayansi ya jamii wamepita katika vijiji vyetu, nami nimekuwa mdodosaji wa baadhi yao, yaani ninayewauliza watu maswali kwa niaba yao. Mtafiti hufika na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, hujitambulisha mkoani na wilayani, husaini kitabu cha wageni kwa mtendaji wa kijiji, kisha tunaingia kaya kwa kaya na vishikwambi. Mama mmoja alinijibu kwa subira kama paa lake ni la bati au la makuti, kama ana redio, kama ana baiskeli; halafu akaniuliza ni wapi nitaandika kwamba fedha za korosho ambazo alizipeleka chama cha msingi cha ushirika hazijaingia. Hapakuwa na nafasi hiyo, kwa kuwa maswali yalikwisha kupangwa na wenye fedha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba majibu hayarudi. Matokeo huchapishwa kwa Kiingereza katika majarida ambayo mengi huuza makala moja kwa dola 30 au zaidi, na mtafiti akitaka makala yake isomwe bure, huenda akatozwa ada inayozidi dola 2,000. Wapo wachapishaji wanaosamehe ada hiyo kwa waandishi wa nchi maskini, na ninawashukuru, ila mkulima wa Tandahimba bado hatanufaika na makala ya kitaalamu ya Kiingereza, hata ikiwa bure.

Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada, ulisimama pia mpango wa tafiti za afya na idadi ya watu uliofadhiliwa na USAID, shirika la misaada la Marekani, tangu 1984, ambao utafiti wake wa Tanzania wa mwaka 2022 ulitolewa bure kwa watafiti. Wadodosaji tunazungumzia ajira zilizopotea, na ni haki yetu. Mimi nahofia pia kwamba bajeti zikibanwa, mrejesho, yaani kurudisha matokeo kijijini, ndio utakaofutwa kwanza.

Gharama yake si kubwa: nauli, posho ya siku mbili, na kurasa mbili za Kiswahili zitakazosomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Wafadhili waliweke fungu hilo tangu mwanzo, na anayetoa kibali adai muhtasari wa mkutano huo, wenye mhuri wa kijiji, kabla ya kumruhusu mtafiti kuanza utafiti mwingine.